Bibi Aliyekataa Kuonja

Siku ya arobaini ya bibi yangu, binamu yangu alisimama chini ya turubai akasoma karatasi. Karatasi ilisema kwamba marehemu alikuwa mama mpendwa na bibi mpendwa, mwanamke aliyelisha mtaa mzima kwa mikono yake. Watu wakaitikia amina huku midomo yao imejaa wali. Niliitazama midomo ile. Jirani mmoja mzee alikuwa analamba mawese kwenye kiganja, akateremka nayo mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mzee huyo sikuwahi kumwona akimeza hata tonge moja ndani ya nyumba ya bibi alipokuwa hai. Wala mkewe. Wala wale wanawake waliolia kwa sauti kubwa kuliko watoto wa marehemu. Na mimi ninayeandika, mjukuu wake mwenye diploma ya chuo kikuu, sina haki kubwa ya kuwacheka.

Sitaandika alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani. Hayo binamu aliyasoma, na labda ndiyo maneno pekee ya kweli yaliyokuwa kwenye karatasi yake. Nataka kuandika juu ya kuonja.

Kwetu Kindu, mji ulio kando ya mto, anayekukaribisha kinywaji hukinywa kwanza yeye. Anapiga funda moja mbele ya macho yako, anameza, kisha anakupa. Akileta chakula, anachota kidogo pembeni mwa sahani, anakila. Hakuna anayetaja neno sumu, lakini kila mtu analifikiria, na funda lile moja ndilo linalowaruhusu watu kuketi na kucheka. Nilipokuwa mdogo nilichukia ile alama ya mdomo kwenye ukingo wa kikombe, unyevu wa mtu mwingine unaokungoja. Nilipoingia chuo kusoma afya ya jamii nilipata majina ya kitaalamu ya kuchukia kwangu, na nikayatumia kila nilipoyahitaji. Nitaeleza niliyahitaji wapi.

Bibi hakumwonjea mtu yeyote. Alipika, akapakua, akaleta, akaweka mbele ya mgeni, akaketi. Basi. Na kwa kuwa hakuonja, wageni hawakula.

Nakumbuka wakwe walipokuja kumposa mama yangu mdogo. Walivuka mto kutoka Alunguli wakiwa wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wamevaa nguo zilizopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Bibi akaleta bilauri nne za tangawizi. Aliisaga mwenyewe tangu asubuhi, na nyumba nzima ilinukia. Akaziweka mezani, akaketi, akakunja mikono. Wageni wakazitazama bilauri. Bibi akawatazama wageni.

"Mama, karibu na wewe," akasema mshenga.

"Nimeshakaribia. Hapa njo kwangu."

"Tunataka kusema, karibu... utangulie kidogo."

"Kiu iko kwenu ao iko kwangu?"

Mama yangu alinyanyuka haraka, akanyoosha mkono achukue bilauri moja aonje yeye, mambo yaishe. Bibi akamshika kifundo cha mkono.

"Kaa chini. Mimi na watoto yangu hatuko ulimi ya muntu. Mwenye kiu atakunywa. Mwenye woga, mto iko pale chini, akakunywe na mamba."

Yule mwanamke wa Alunguli akasema taratibu, "Mama, hii ni heshima tu, si kitu ingine."

"Heshima yenu iko ndani ya mate yangu? Basi ni heshima chafu."

Waliondoka bilauri zikiwa zimejaa. Nzi wawili walizama katika ya kwanza. Bibi alizimwaga zote nyuma ya nyumba, akasonya, akasema, "Muntu mukubwa, na ndevu yake, anaogopa tangawizi." Mama mdogo alilia siku tatu. Ndoa ilifungwa baada ya miaka miwili, na wale wakwe hawakuwahi kunywa hata maji kwetu.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kumfanyia bibi: kula chakula chake mbele yake, wazi, mpaka mwisho wa sahani, kama mtu asiye na wasiwasi. Jambo dogo. Nililijua tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, na miaka ikapita sikuliweza, naye akawa anazeeka.

Inashangaza, kwa sababu sijaona mtu msafi kama yeye. Aliosha mchele mpaka maji yakawa kama ya mvua. Sombe, yale majani ya muhogo, aliitwanga yeye mwenyewe, kinu chake hakikuazimwa. Alikuwa na pua ya kutisha. Ukipita mlangoni alijua umetoka sokoni au umetoka kwenye mazishi. Alipika kwa kunusa, kwa sababu hata mchuzi wake mwenyewe hakuuonja ukiwa jikoni, kwa hiyo siku nyingine chumvi ilikuwa nyingi mno na siku nyingine haikuwepo kabisa. Ukimwambia, alikujibu, "Chumvi iko pale, weka. Mkono unao."

Kutafuna kwa watu kulimchukiza. Sisi wengine tulikula sinia moja lililopakuliwa na mama, tumezunguka, mikono inagongana. Yeye alikula peke yake jikoni, ameuelekea ukuta, haraka, kama mtu anayemaliza kazi mbaya. Hata dharau zake zilitoka mdomoni mwa watu. Kama mkubwa fulani anasema redioni kwamba barabara ya Kalima itatengenezwa, bibi alinyanyua kichwa: "Huyu anasema kama anatafuna." Kama jirani anamsifia sana: "Futa mudomo kwanza."

Lakini tazama mtu huyohuyo: siku moja mtoto mchanga wa jirani alizibwa pua na kamasi akawa anageuka rangi. Mama yake alikuwa anapiga kelele tu uani. Bibi alimnyang'anya mtoto, akaweka mdomo wake juu ya pua ya mtoto, akavuta, akatema chini. Akavuta tena, akatema. Niliyaona yale aliyotema, ya kijani, mazito, na bado naweza kuyaona sasa hivi ninapoandika, ingawa sitaki. Mtoto akalia. Mama yake akapiga magoti, akambusu bibi miguu. Bibi akasukutua, akasukutua tena, akamwambia, "Keti, unatetemeka. Nikuletee chai." Yule mwanamke akakumbatia mtoto wake, akaangalia chini, akasema, "Asante Mama, nimeshakunywa nyumbani."

Hakuwa amekunywa. Ilikuwa asubuhi mapema na jiko lake lilikuwa halijawashwa, sote tulikuwa tunaliona.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyofaa. Aliweza kupokea uhai wa mtoto kutoka katika mdomo ule. Chai hakuweza. Kila nikijaribu kumhukumu mwanamke yule nakumbuka mambo yangu mwenyewe, naacha.

Habari za vita nilizipata kwa mama, tukichagua mawe kwenye mchele wa Kibombo. Bibi mwenyewe hakusimulia. Mimi wakati huo nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Mji ulikuwa umefungwa, treni hazifiki, chumvi imekuwa kitu cha kuota ndotoni, na ukitoka kwenda shambani hujui kama utarudi. Wanajeshi walikuwa wamechukua nyumba kubwa moja upande wa stesheni. Walitafuta mpishi msafi, wakauliza mtaani, na watu wa mtaa wakamtaja bibi. Mama alisema hivyo bila kubadili sauti: "Watu wetu njo walimutaja." Walikuja kumchukua na bunduki, ungedhani wanamkamata mwizi.

Miezi mingi alipikia nyumba ile. Na kwa sababu watu wale walijua mji unawachukia, kila chungu, kila sahani, kila chupa, yeye alitangulia. Alisimama mbele ya meza, akala, akameza, wakamtazama kwa muda, ndipo wakaanza. Bibi alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Mikelenge, anayetawadha mpaka vidole vya miguu vinakunjamana. Walikula nyama ya nyani: akaonja. Walikunywa pombe: akaonja. Mwezi wa Ramadhani ukafika, wao wanakula mchana: akaonja mchana. Mama alisema alikuwa akirudi nyumbani anaingiza vidole kooni nyuma ya choo, na mama alimsikia kila jioni, na hakuna aliyetoka kumshika mgongo. "Tulikuwa tunaona haya," alisema mama. "Na tulikuwa na njaa. Muntu ya njaa anasikia mwenzake anatapika nyama, anakasirika."

Majirani walikasirika zaidi. Wao walikuwa wanachimba mizizi, wanachemsha majani yasiyo na chumvi, na kumbe mpishi wa mtaa wao ananukia kitunguu. Ndio haohao waliomtaja.

Kisha mkubwa mmoja wa nyumba ile aliugua, akafa katika siku chache. Wanajeshi wenyewe hawakumgusa bibi, kwa kuwa walimwona akila kila alichokula yule. Lakini mtaa uliamua vingine. Mtaa uliamua kwamba bibi amemuua. Wanajeshi walipoondoka, watu walikuja kumpa mkono, wakamwita simba. Walimsifu sana, na tangu siku hiyo hawakula tena kwake. Heshima ilikuwa ya kweli na hofu ilikuwa ya kweli, na hakuna hata mtu mmoja aliyeona kwamba vitu hivyo viwili vinanuka vikikaa pamoja.

Angeweza kuwanyamazisha kwa funda moja la tangawizi. Alijua. Nadhani ndiyo sababu hakulipiga.

Nilimwuliza mara moja, nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwa ule ujasiri wa kijinga wa mtu aliyesoma vitabu vitatu. "Bibi, yule mkubwa alikufa na nini?"

"Na kuhara."

"Kuhara tu?"

"Unataka akufe na nini, bwana yangu? Alikuwa anakunywa maji ya mto bila kuchemsha, nikimwambia anasema mimi ni mushenzi. Alihara mpaka akaisha. Mimi njo nilifua mashuka." Akatema pembeni. "Yale mashuka, hapana muntu aliniambia nionje."

Aliniita bwana yangu kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, kwa utani wa mke na mume. Nilikuwa mume mbaya.

Katika arobaini, baada ya karatasi ya binamu, mjomba wangu, mtoto wake wa kwanza, alisimulia tena hadithi ya mkubwa yule, kwa sauti ya ushujaa. "Mama yetu alimaliza komanda muzima na kijiko tu!" Watu wakapiga makofi.

Nikasema, "Mjomba, alikuwa anakula wa kwanza. Kama ni sumu, angekufa yeye wa kwanza."

"Wewe na masomo yako. Alikuwa na dawa ya kufunga tumbo."

"Nani aliiona hiyo dawa?"

"Dawa inaonekana? Kama inaonekana, njo dawa gani?"

Wakacheka. Yule mzee mlamba mawese akainua kidole kinachong'aa. "Mutoto, acha kubishana. Kwani miaka yote tulikuwa tunakwepa chakula yake bure?"

Wakacheka tena, wajane na wake za watu, na shangazi zangu, na mjomba, mtoto wa tumbo lake. Mama peke yake alitazama sufuria. Nilitoka nje nikasimama karibu na choo, na harufu ya choo ilikuwa afadhali.

Sasa nieleze mambo yangu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipita kwa bibi karibu kila wiki, kwani chuo hakikuwa mbali. Kila mara alinipikia. Kila mara nilisema, "Bibi, ngoja nikale nje, ndani kuna joto." Nyuma ya nyumba palikuwa na ua wa matete, na upande wa pili bata wa jirani. Niliwamwagia bata. Wali, sombe, samaki aliyekaushwa ambaye bila shaka alimtafuta kwa shida. Nilikaa muda wa kutosha mtu kumaliza sahani, nikarudi ndani nikifuta mdomo uliokuwa mkavu. Nilijiambia ni vijidudu. Nilikuwa na daftari lililojaa vijidudu: maji yale, nzi wale, chungu kile kisichofunikwa vizuri. Nilivipanga kichwani kama wakili anavyopanga mashahidi. Lakini kwa jirani, palipokuwa pachafu mara kumi, nilikula, kwa sababu jirani alionja.

Sikuamini kwamba bibi ni muuaji. Ningeapa. Kichwa changu kizima hakikuamini, na mkono haukufika mdomoni. Hicho ndicho kinachonichukiza mpaka leo: kwamba uongo wa mtaa ulikuwa umekaa mkononi mwangu, na elimu yangu yote ilikuwa kazi ya kuuficha.

Siku niliyoleta diploma yangu aliishika kwa ncha za vidole, asiichafue. Aliitazama muda mrefu ingawa hakujua kusoma. Akasema, "Umesoma sana. Hongera, bwana yangu." Kisha, bila kubadili sauti, akiwa bado anatazama karatasi: "Na bata ya jirani inanenepa. Miaka ine sasa. Hata moja haijakufa."

Akairudisha diploma ndani ya bahasha, akaenda kuchambua sombe.

Baada ya hapo sikwenda kwake kwa muda mrefu. Nilikwenda Kalima kutafuta kazi, nikakaa kwa rafiki, nikaandika barua za maombi ambazo hazikujibiwa. Huko nilikula kwa kila mtu. Nilikunywa kikombe kilichopita midomo sita. Niliporudi Kindu mama aliniambia, "Bibi yako amekonda. Hataki hospitali. Nenda umuone."

"Nitakula kwake," nikasema.

Mama alinitazama kidogo. "Mimi nimesema umuone."

Hata mama. Sikuwa nimefikiria hivyo kabla. Nikaanza kuhesabu ni lini nilimwona mama akila kitu kilichopikwa na bibi bila mama mwenyewe kusimama jikoni, na sikupata hata siku moja.

Nilikwenda mchana. Njiani nilipanga kila kitu. Ningesema nina njaa kabla hajaniuliza. Ningeketi ndani, si nje. Ningeanza na tonge kubwa, maana tonge dogo linaonekana kama la woga, lakini si kubwa mno, maana kubwa mno linaonekana la kujilazimisha. Ningekuwa nazungumza wakati huohuo. Nilirudia maneno mpaka yakapoteza maana.

Alikuwa mlangoni. Mikono yake ilikuwa imebaki mishipa na ngozi. "Bwana yangu amekumbuka nyumba," akasema. "Walikufukuza kule?"

"Bibi, nina njaa."

Aliingia jikoni, na nilisikia jinsi alivyochelewa kuinuka kutoka kwenye kigoda, na kuni zikivunjwa moja moja. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Ilichukua muda mrefu. Akaleta wali, na sombe iliyotiwa mawese, na kipande cha samaki, kile kikubwa. Akaweka mbele yangu mezani, akasimama.

Nikanawa. Nikasema maneno yangu, sijui yapi, kitu kuhusu mvua ya Kalima. Nikapeleka mkono kwenye sahani, nikafinya tonge, nikalinyanyua. Na hapo, katikati ya sahani na mdomo, mkono ukasimama. Haikuwa hata sekunde moja. Mtu mwingine yeyote asingeona.

Bibi alisogea. Akaweka vidole vyake ndani ya sahani yangu, akachukua wali, akachukua sombe, akamega samaki.

"Bibi, hapana. Bibi, acha, nakula, tazama, nakula."

"Nyamaza."

Akaweka mdomoni. Akatafuna mbele yangu, yeye ambaye sijawahi kumwona akitafuna, na macho yake yalikuwa ukutani juu ya kichwa changu. Akameza. Shingo yake ilikuwa nyembamba, niliona chakula kikishuka. Kisha akarudi hatua moja, akaweka mikono nyuma, akafungua mdomo. Akaufungua wote. Akainua ulimi. Akageuza uso kulia ili mwanga wa mlango uingie shavu moja, akageuza kushoto uingie la pili. Akabaki hivyo, mdomo wazi, mzee wa watu, meno matatu na wali kidogo kwenye ufizi, anangoja.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anangoja mimi niseme kitu. Kulikuwa na neno la kumruhusu afunge, na wale wanajeshi walikuwa wanalijua, na mimi sikulijua.

"Imetosha, Bibi," nikasema.

Akafunga mdomo, akarudi jikoni. Nilikula yote, wali na sombe na samaki na miba midogo, chumvi ikiwa nyingi mno. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, na hakugeuka hata mara moja kuangalia kama nakula.